Nimewekwa kwenye ratiba nishukuru, na moyo umegoma

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Sengerema, nalima na nauza dagaa. Nimefunga ndoa kanisani na nipo kwaya tangu usichana wangu. Mungu alitupa watoto watatu. Wa kwanza ni wa kiume, yuko kidato cha pili, mzima wa afya. Waliomfuata, binti na mdogo wake wa kiume, wote wawili wamezaliwa na siko seli.

Binti yangu alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 11. Jioni alianza homa, usiku akawa analia mgongo na miguu, asubuhi nikaona viganja vimekuwa vyeupe na macho ya njano. Kituo cha afya wakasema damu imeshuka sana, tumkimbize Mwanza akaongezewe. Tukakodi gari la jirani. Kufika Busisi tukakuta foleni ya kivuko. Amefia mapajani mwangu, kiti cha nyuma, mbele yetu kuna lori la mkaa ambalo namba zake nazikumbuka mpaka leo. Nguzo za daraja zilikuwa zimesimama majini, tunaziona.

Msibani nilisikia yale yale: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Niliitikia amina, maana ndivyo mtu anavyoitikia.

Mwaka 2025 daraja likafunguliwa, na kwaya tukaimba nyimbo za shukrani. Nilikuwa mstari wa mbele, sauti ya pili. Mdomo unatembea, sauti haitoki. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwa nini si mwaka mmoja kabla.

Miezi michache iliyopita mdogo wake naye akabanwa usiku. Safari hii tulivuka bila kusimama, tukafika hospitali, akaongezewa damu, tukarudi naye nyumbani. Ana miaka 9. Kanisani walifurahi sana, na sasa umoja wetu wa akina mama umeniweka kwenye ratiba ya sikukuu ya mavuno: nitoe ushuhuda na sadaka ya shukrani kabla ya mnada wa mazao. Mwenyekiti akaniambia, "Imeandikwa shukuruni kwa kila jambo. Ukishukuru hadharani unafunga mlango wa shetani. Ila usianze na habari za msiba, utavunja watu moyo."

Nimejaribu kuandika huo ushuhuda. Daftari limejaa mistari niliyoikata. Nikisema asante kwa huyu aliyepona, naona kama namsaliti dada yake, kama nasema kwamba la kwake lilikuwa sawa. Na kama Mungu ndiye aliyemvusha huyu, yule nani alimwacha kwenye foleni?

Baba yao hajakanyaga kanisani tangu tuzike. Hanizuii kwenda, lakini nikiondoka na Biblia anageuka upande mwingine. Mama mkwe anasema ukoo wetu una laana, ndiyo maana damu za wajukuu zake zinaharibika. Halafu mwenzangu wa kwaya alinipeleka kwenye mkutano wa mtumishi mmoja mjini, naye akatuambia kumpa mtoto vidonge kila siku ni kuukiri ugonjwa: ninunue mafuta ya upako, nishukuru kana kwamba amekwisha kupona, dawa niziache. Sijaziacha. Lakini kila asubuhi nikimpa ile haidroksiyurea na foliki yake najiona mtu asiye na imani.

Juzi tukiwa tunalala mtoto mwenyewe akaniuliza, "Mama, dada alikufa kwa sababu hakusali vizuri?" Nikamwambia alale.

Shangazi, imani yangu imekufa? Nisimame au nisisimame?

Mama wa Watatu, Sengerema

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe sana. Pole kwa msiba, na pole kwa huo muda wote uliofuata, ambao hakuna aliyekupa pole kwa sababu matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Naanza na swali la mtoto. Lako linaweza kungoja mpaka mavuno, la kwake lisilale tena hata usiku mmoja. Mtoto wa miaka 9 mwenye ugonjwa ule ule akiuliza kama dada yake alikufa kwa kutosali vizuri, anauliza habari zake mwenyewe. Amelala pale anazipima sala zake na kuona hazitoshi, na nani kati yetu anazo za kutosha? Tena kuna hatari ambayo muuguzi ataiona haraka kuliko mchungaji: mtoto akishaamini kwamba kuumwa ni dalili ya imani haba, atajifunza kuficha maumivu. Na mtoto wa siko seli akificha homa tangu jioni mpaka asubuhi, wewe hakuna wa kukueleza kinachofuata.

Mwite mchana, si usiku. Mkalishe mkiwa mnachambua dagaa, maana watoto huongea vizuri mikono ikiwa na kazi na wakiwa hawatazamwi usoni. Mwambie wazi: dada alikuwa anasali vizuri. Alikufa kwa sababu damu yake ilishuka ghafla na tulikuwa mbali na mahali pa kumwongezea. Mungu hakumkasirikia, wala hakukasirikii wewe. Akikuuliza, "Na mimi nitakufa?", usimpe ahadi ambayo haimo mikononi mwako. Mwambie anakunywa dawa inayomsaidia, sasa daraja lipo, na iwe usiku au mchana hatakuwa peke yake. Halafu mpe kazi yake katika hili. Kazi yake ni kusema mapema. Mwili ukichemka, kifua kikibana, tumbo likivimba upande wa kushoto iliko bandama, miguu ikianza, anasema hapo hapo, hata kama baba mchungaji yuko katikati ya sala. Mfundishe hivyo kama unavyomfundisha kuvuka barabara.

Sasa vidonge, na hapa sitazunguka. Usiache.

Haidroksiyurea huufanya mwili wa mtoto utengeneze zaidi ile aina ya damu tunayozaliwa nayo toka tumboni, ambayo haiziachi chembe zijikunje kuwa na umbo la mundu, kama zinavyofanya kwenye siko seli. Ndiyo maana wanaoitumia vizuri hubanwa mara chache zaidi na huhitaji kuongezewa damu mara chache zaidi. Haiponyi ugonjwa, na haifanyi kazi kwa wiki moja. Inataka miezi, na inataka kipimo cha damu kila mara ili daktari aone kama kiwango kinamfaa, kwa hiyo tarehe za kliniki zisirukwe hata wakati wa palizi. Ukiikatisha, faida yake nayo inakwisha. Foliki inausaidia mwili kutengeneza chembe mpya za damu, kwa sababu zake huvunjika upesi. Maji anywe mengi, baridi imwepuke, chandarua kila usiku. Haya unayajua, nayarudia kwa ajili ya mama mwingine anayesoma hapa akiwa na chupa ya mafuta mkononi.

Na imani? Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, akalia, Mungu akamwahidi kwa kinywa cha Isaya kwamba atapona. Ahadi ilikuwa imeshatoka. Bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, ndipo mfalme akapona. Soma 2 Wafalme 20. Timotheo aliandikiwa na Paulo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na hakuna mahali Paulo alipomwambia anaukiri ugonjwa. Huyo mtumishi wa mjini akishauza mafuta yake, usiku mtoto akibanwa hatakuwepo kukodi gari. Wewe utakuwepo. Basi asubuhi ukimpa mtoto dawa, fanyeni kama mnavyofanya mbele ya ugali: funga macho, sema asante kwa hii, mmezeshe, maisha yaendelee. Hiyo ni shukrani halali kabisa, na ya kweli, maana ni ya kitu ulichokishika.

Kuhusu mama mkwe sina mengi. Laana haimo humu. Mtoto hawezi kuugua siko seli mpaka achukue kinasaba kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, pande zote mbili. Kila mimba yenu ilikuwa na uwezekano wa robo mtoto augue, nusu awe amebeba tu bila kuugua, robo asichukue kabisa. Kwa hiyo anayetafuta ukoo wa kulaumu atarudi na koo mbili, wa kwake mmojawapo. Kinasaba hiki kimedumu katika nchi za mbu kama zetu kwa sababu mtu aliyebeba kimoja tu hukingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali, na Kanda ya Ziwa malaria haijawahi kuwa mgeni. Tanzania peke yake, watoto takribani 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali la mama mkwe wako mbele ya kipofu, nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, na jibu lilikuwa fupi: si huyu, wala wazazi wake. Kumweleza bibi si kazi yako. Ni ya mwanawe. Na yule kijana wa kidato cha pili apimwe siku moja ajue kama amebeba, kabla hajaleta mchumba nyumbani.

Tuje kwenye lile lililokufanya ushike kalamu.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa: Ayubu aliyasema hayo, sura ya kwanza, na aliyasema kwa moyo. Lakini kitabu kina sura 42. Kufika sura ya tatu Ayubu analaani siku aliyozaliwa, na kutoka hapo analalamika, anahoji, anamwita Mungu waje kwenye kesi. Sisi tunasoma sura ya kwanza makaburini, tunafunga kitabu, halafu tunamshangaa mfiwa akifika sura ya tatu. Wale rafiki zake walifanya jambo moja jema sana mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Walimtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa, na mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Yaani mlalamikaji alinena sawa, watetezi wakakosea. Mimi nikisikia "kazi ya Mungu haina makosa" kwenye jeneza la mtoto huwa nawakumbuka hao rafiki. Wanaoisema si wabaya. Wameishiwa maneno, na ukimya unawatisha.

Swali lako la foleni nalo limeshaulizwa, na mwanamke, tena aliyempenda Yesu. Yohana sura ya 11 anasema Yesu alipata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Alipofika, Mariamu akaanguka miguuni pake: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Martha alikuwa ameshasema vile vile njiani. Bila shaka ndiyo waliyokuwa wakiambiana nyumbani siku zote zile. Kwa nini hakuwahi. Hakuna aliyewaambia wanamfungulia shetani mlango. Yesu akalia machozi. Utaniambia, Shangazi, Lazaro alifufuka, wangu yuko udongoni. Ni kweli, na sitakudanganya kwamba simulizi hii inaliziba shimo lako. Ninachotaka ukione ni pale lalamiko liliposemewa: mbele zake, akiwa amemshika miguu. Umeniuliza kama imani yako imekufa. Mtu ambaye imani imemfia hana sababu ya kukata mistari kwenye daftari. Angeandika uongo mzuri akalala.

Na kwa kuwa wewe ni mwanakwaya, nakupa kazi. Fungua Zaburi ya 88. Ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni, wenzako hao. Karibu theluthi ya Zaburi ni za kulia, lakini nyingi huinuka mwishoni, mtu anaanza na "hata lini" anamalizia na "nitakuimbia". Hii ya 88 haiinuki. Inaishia gizani, na rafiki wameondolewa. Waliitunga, wakaifanyia mazoezi, wakaiimba mbele ya watu wa Mungu, na hakuna aliyeongeza beti la furaha mwishoni ili waumini wasivunjike moyo. Wiki hii isome kwa sauti ukiwa peke yako shambani. Kama una machozi yatoke. Kama huna, isome tu.

Sasa huo usaliti. Mwenyekiti wako amekutolea Paulo, basi na tumfuate Paulo huyo huyo aliyesema shukuruni kwa kila jambo. Alikuwa kifungoni, na Wafilipi wakamtuma Epafrodito kumpelekea msaada. Epafrodito akaugua huko karibu na kufa, kisha akapona. Paulo anashukuru hivi, Wafilipi 2:27: Mungu alimhurumia, "wala si yeye tu, ila na mimi pia, nisije nikapata huzuni juu ya huzuni."

Isome tena, mwanangu. Huzuni juu ya huzuni. Mtu anayesema hivyo tayari ana huzuni moja, hajaificha, hajaipamba, na haijaondoka kwa kupona kwa Epafrodito. Anachoshukuru ni kwamba haikurundikiwa nyingine juu yake. Hiyo ndiyo shukrani yako hasa. Mungu alimhurumia kijana wako na akakuhurumia wewe, usipate msiba juu ya msiba. Ukisema hivyo hujasema kwamba la binti lilikuwa sawa. Umesema kinyume chake: lilikuwa zito kiasi kwamba la pili lingekuua. Hakuna anayemsaliti mtu kwa kumtaja kama kipimo cha uchungu wake.

Paulo hakuwa mtu wa kupaka mambo rangi. Kwa Wakorintho aliandika kwamba kule Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume, kwa maandishi, kwa kanisa zima. Na alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, akaandika hivyo bila maelezo. Huyo ndiye anayetuagiza tushukuru, kwa hiyo shukrani anayoiagiza lazima iwe na nafasi ya kuweka mambo hayo yote.

Ndiyo maana sharti la mwenyekiti la kutoanza na msiba limenikera, nalisema kwa heshima yote. Mimi nimekulia Bukoba, kwenye nyumba ya Walokole, watu wa uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho ule ulitokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mpaka kwetu, na ndio uliotufundisha wengi kusimama kutoa ushuhuda. Lakini ushuhuda wa wazee wale haukuwa taarifa ya ushindi. Walikuwa wanaita kutembea nuruni: mtu anasimama anataja alichoiba, aliyemchukia, alikoanguka, na wenzake wanaitikia kwa wimbo wa kumsifu Yesu. Kilichosifiwa kilikuwa Mwokozi, si mambo ya mtu kumnyookea. Sijui ni lini tulianza kuuhariri ushuhuda kama tangazo la biashara, lakini makanisa mengi sasa mama akisimama kila mtu anasubiri kiwanja, cheti au mtoto aliyepona, na mwenye kaburi anajua mahali pake ni benchi la nyuma.

Nisimame au nisisimame, umeuliza. Kwa maoni yangu, mavuno haya usisimame, isipokuwa wakubali useme yote. Mwendee mwenyekiti kabla ratiba haijachapwa, nyumbani kwake, si mbele ya wenzake. Mwambie, "Mama, sadaka nitaleta. Kusimama nitasimama kama nitamtaja na binti yangu. Kama haiwezekani, nipeni mwaka huu nikae." Akikataa, peleka debe lako la mahindi na kuku wako kama wengine, shiriki mnada, rudi nyumbani. Hakuna aliyekosa neema kwa kukaa kwenye kiti.

Akikubali, usiandike mengi. Unaweza kusema hivi: "Binti yetu alifariki tukiwa njiani kwenda kutafuta damu. Bado namlilia na bado namuuliza Mungu. Mwaka huu mdogo wake naye aliugua, tukavuka, tukapata damu, akapona. Mungu alituhurumia tusipate huzuni juu ya huzuni. Namshukuru kwa hilo. Mtuombee." Kisha ukae. Msukumo wa kuongeza neno la ushindi utakuja, uuache upite. Na mtaje binti kwa jina lake. Umejiita Mama wa Watatu, nami nimeliona. Mtu akikuuliza una watoto wangapi, endelea kujibu hivyo.

Kwaya usiache. Wimbo usioweza kuuimba nyamaza palepale kwenye mstari, wenzako wataubeba, ndiyo faida ya kwaya. Mwambie tu mwalimu wa kwaya akusogeze mstari wa nyuma kwa muda, usiwe unatazamwa.

Mumeo ananipa shida zaidi kuliko wewe, kwa kuwa wewe umelia kwenye barua na yeye hajalia popote. Usimvute kanisani na usimtumie wazee wa kanisa kwa kamati. Wanaume wakitembelewa kwa kamati hujibu kwa kamati. Sidhani pia kwamba ameacha kuamini, maana mtu hageuzi uso kwa sababu ya Biblia asiyoiamini. Amekasirika, na hana sura ya tatu ya Ayubu ya kusoma kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Mtafute mwanamume mmoja, ikiwezekana naye aliwahi kuzika mtoto, akae naye kwenye kahawa. Asimhubirie. Na wewe siku moja muulize jambo ambalo pengine hamjawahi kuulizana: yeye anaikumbuka nini siku ile ya kivuko. Wewe una namba za lori. Yeye naye ana chake.

Jambo la mwisho ni la vitendo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote katika barua hii. Damu aliyoongezewa kijana wako haikutoka mbinguni ikiwa kwenye mfuko. Kuna mtu alinyoosha mkono. Hamjui jina lake na hamtalijua. Ukienda kwa mwenyekiti, nenda na pendekezo: badala ya ushuhuda, au pamoja nao, umoja wa akina mama uwaite watu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, waje sikukuu ya mavuno. Waongee na halmashauri kupitia mganga mkuu wa wilaya, mapema, maana wana ratiba zao. Anayechangia awe na miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, mzima wa afya. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Wanapima kwanza, kwa hiyo wasiofaa wataambiwa pale pale, na wewe mwenyewe kama umedhoofu kwa mawazo na kutokula usijilazimishe.

Meza zao ziwekwe nje, chini ya mti au turubai, si ndani ya kanisa. Mumeo anaweza kufika mpaka hapo. Mwambie tarehe tu, usiongeze kitu, na siku hiyo mwachie mtoto aende naye.